Wajane wa Lanvrial na Picha ya Mwani

Jumapili, 1 Machi 1868

Leo baada ya misa Meya Kergoat alipanda ngazi za msalaba wa makaburini, pale panapotangaziwa ng'ombe waliopotea na kodi zilizopanda, akatangaza kifo cha Siku ya Wajane. Naandika haya kwa ghadhabu iliyochanganyika na furaha. Ndiyo, furaha! Ni muda mrefu sijapata shauri linaloistahili kalamu yangu. Mbuzi aliyekula kabichi za jirani si shauri.

Alisema, kwa ufupi, kwamba desturi ya kuwaachia wajane miamba siku nzima kabla ya mikokoteni ya wengine kushuka haikuandikwa popote. Kwamba wajane wenyewe hawakati mwani. Kwamba wanaiuza siku yao kwa wenye farasi, kisha wanakaa jikoni kupasha miguu moto. "Hakuna hata mmoja anayelowesha unyayo!" Hata mmoja! Shangazi Tefani, ambaye vidole vyake vimepindwa na baridi ya bahari mpaka vimekuwa kulabu, alimjibu kwa sauti iliyofika mnarani: "Meya, njoo ulale na miguu yangu usiku mmoja tu, utajua kama imelowa!" Watu walicheka mpaka padri akatoka kutazama.

Mimi sikucheka. Niliwaza viazi. Bila mbolea ya mwani mashamba yetu ni mchanga mtupu, na mwenye mkokoteni na wana wanne hukata zaidi kwa siku moja kuliko sisi sote kwa pamoja. Tukishuka siku moja naye, tutaokota makombo ya makombo, na mwakani tutakula makombo hayo.

Lakini neno la mwisho ni la mkuu wa wilaya: atamtuma mjumbe Siku ya Wajane yenyewe, Alhamisi tarehe 26, bamvua ya mwezi mchanga, maji yanapokupwa kuliko siku zote. Atasikiliza, ataona, ataamua. Wajane wenzangu walinizunguka langoni pa kanisa, kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wao. "Barba, andika." Hilo tu.

Nimekwisha kuandika mistari ya mwanzo. "Kwa heshima isiyo na woga, na kwa woga usiokosa heshima..." Hapana. Nitairekebisha.

Jumanne, 3 Machi

Mambo makubwa!

Katika nyumba ya wageni amefikia mchoraji kutoka Paris, Bwana Charvet, kijana mwembamba mwenye ndevu za rangi ya karoti. Mwenye nyumba alinituma kwake kwa kuwa yeye hajui neno la lugha yetu, nami naijua lugha ya serikali. Niliisoma peke yangu kwenye matangazo yaliyobandikwa mlangoni pa ofisi ya meya, sikufundishwa na mtu. Bwana Charvet anasema nazungumza kama tangazo la mnada. Nimelipokea kuwa sifa.

Anachotaka ni hiki. Paris, asema, wamechoka na miungu wa kike wanene wanaojiogesha mawinguni. Yeye atachora mwanamke afanyaye kazi, na kazi ionekane imemgharimu. Turubai kubwa, upana wa mlango wa ghala! Wanawake majini, miundu mikononi, mwani mabegani. "Bila sukari," alisema, na akarudia: "Bila sukari, Bibi Barba." Ikikamilika itapelekwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris, itundikwe ukutani, na mawaziri wapite mbele yake.

Nilisimama kama niliyepigwa na radi. Meya anasema hatulowi. Na huyu hapa mtu anataka kutuonyesha tumelowa, kwa upana wa mlango wa ghala! Shahidi gani atakayeshinda huyo? Hali, hanywi, hahongwi, hasahau.

Nilimwomba rasmi, kwa maneno yaliyopangwa, kwamba picha ionyeshwe mbele ya mjumbe kabla haijakwenda Paris. Amekubali! Amefurahi kuliko mimi. Tumepeana mikono kama wakuu wa nchi mbili.

Ijumaa, 6 Machi

Walikuja wote, kumi na tisa pamoja nami. Nilikuwa nimewaambia wazi: njooni kama mnavyokwenda kazini. Wakaja kama wanaokwenda kuozesha binti! Mahameli nyeusi. Aproni za hariri zenye harufu ya sanduku. Kofia zetu za kitambaa cheupe, zimebana kichwa kama inavyopasa, zimetiwa wanga mpaka zingeweza kusimama bila kichwa ndani. Na Godik, mjane wa mwaka jana tu, katika viatu vyake vya harusi vyenye bizimu.

Bwana Charvet aliwatazama, akaninong'oneza: "Nani amefariki?"

Nilitafsiri. Ilinipasa.

"Mwambie hajafa mtu," alisema Shangazi Tefani. "Mwambie Paris wanatutazama."

"Waambie wavue viatu," alisema yeye. "Wakunje sketi. Waingie majini kama siku zote."

"Avue yeye kwanza!"

Akavua! Palepale mchangani, Machi hii, buti na soksi. Vidole vyake vyeupe kama mizizi ya vitunguu. Walicheka, wakamshangilia, mmoja akamwuliza kama ameoa. Lakini hakuna aliyelegeza hata kamba ya kiatu.

Nilisema nao. Niliwaeleza maana ya ushahidi. Godik alijibu kwamba mama mkwe wake akisikia goti lake limetundikwa ukutani Paris, hatampa tena maziwa. Mwingine akasema ni Kwaresima. Mwingine, kwamba ana mkwe padri mdogo, sijui ndiyo undugu gani huo. Na Shangazi Tefani, ambaye nilimtegemea: "Bahari imeyaona magoti yangu miaka hamsini, Barba, na haijamwambia mtu. Picha inasema."

"Lakini tukionekana hivi," nilisema, "meya atauliza: mabibi hawa wamekata mwani lini, kabla ya misa au baada?"

"Basi mwekee huyo kijana mwani pembeni, auchore huo. Mwani hauna aibu."

Wakaondoka kwa mstari, kama maandamano ya mtakatifu. Bwana Charvet akabaki ameketi juu ya jiwe, miguu mitupu, akitazama migongo ile mizuri.

Kusema kweli, mimi pia nilikuwa nimevaa mahameli.

Jumatano, 11 Machi

Nimemaliza ombi letu! Nakala safi, bila doa, bila neno lililokatwa. Jana kijiji kizima kilikwenda mjini kwenye mnada wa farasi, nami nikabaki na meza yangu, dirisha langu na kimya changu, nikaandika tangu asubuhi mpaka mkono ukafa ganzi.

Njiani kwenda posta leo nilikutana na Bwana Charvet, rangi hata kwenye nyusi, anaruka kama mtoto aliyepewa sarafu. "Nimewapata, Bibi Barba! Wameingia mpaka kiunoni! Nimechora siku nzima!" Akanibusu mikono yote miwili, mbele ya mke wa mhunzi.

Basi wamelegea! Kumbe mnadani hawakwenda! Hawakuniambia, kwa haya, na mimi sitawauliza, kwa heshima. Nilikwenda moja kwa moja posta, nikaomba kalamu, na chini ya sahihi yangu nikaongeza fungu hili, ambalo nalinakili hapa kwa kuwa ndilo bora nililopata kuliandika:

"Tunamwomba Mheshimiwa ayaelekeze macho yake kwenye picha itakayowekwa mbele ya mjumbe wake, ambamo wamo wajane wenyewe wa Lanvrial, juu ya miamba yao wenyewe, wakiifanya kazi yao kwa mikono yao wenyewe. Mimi niliyetia sahihi nathibitisha kwamba ndivyo."

Wenyewe, yao, wenyewe, yao, wenyewe! Linapanda kama ngazi.

Bahasha imekwenda. Nimerudi nikiimba.

Jumatatu, 16 Machi

Nitaandika kwa utaratibu. Lazima niandike kwa utaratibu.

Leo Bwana Charvet alifungua ghala. Tuliingia Shangazi Tefani, Godik na mimi. Akaliondoa shuka.

Mungu wangu, lile jambo! Bahari ilikuwa kijani na kijivu kama ilivyo kweli, si buluu ya kadi za watakatifu. Mwanamke wa mbele ameinama, mundu umezama chini ya maji, na mgongo wake — nilihisi mgongo wangu ukiuma. Nyuma yake wawili wanavuta kamba ya shehena, wameegemea nyuma, visigino vimezama, midomo wazi. Mguu mmoja una damu, umekatwa na magamba ya kome. Hakuna anayetutazama. Hawana nafasi ya kututazama! Sikujua kwamba tunafanana na kitu. Miaka yote hii tunainuka na kuinama, na sikujua kwamba ukisimama pembeni unaona jambo kama hili. Machozi yalinitoka. Yeyote atakayesimama mbele ya turubai ile na kusema kwamba wanawake hawa hawalowi, huyo ni kipofu au ni diwani.

"Barba," alisema Shangazi Tefani polepole. "Hebu tazama vichwani."

Nikatazama.

Mabawa. Kila kichwa, kofia yenye mabawa mawili meupe, yamepeperuka kwa upepo kama ndege baharini.

"Hao ni wa Kerzelan," alisema Godik.

"Huyo wa mbele ni Katell Bosser," alisema Shangazi. "Ningelijua tako lile hata gizani. Wanawake wa Kerzelan, kwenye mwamba wetu! Na wewe, mwandishi, umesema ni sisi?"

Mtoto wa miaka mitatu hapa anajua: kofia iliyobana ni Lanvrial, yenye mabawa ni Kerzelan, ng'ambo ya mlango wa mto. Na sheria ya mwani haina huruma: asiye wa parokia hagusi mwamba wa parokia. Aliyezoea kukata mahali na asizuiwe, mahali hapo ni pake.

Nami nimethibitisha. Kwa sahihi. Kwa fungu linalopanda kama ngazi.

Jumanne, 17 Machi

Nilimwendea Bwana Charvet kabla hajanywa kahawa. Maelezo yake, kwa haki, ni haya: wenu walinikatalia, siku ya mnada hapakuwa na mtu, nikavuka mchanga maji yalipokupwa, nikawapata hawa, wakaja kwa malipo na mtungi wa pombe ya tufaha. "Kofia ni kofia, Bibi Barba! Upepo ulikuwa mzuri!"

Nilimweleza kofia ni nini. Aliketi juu ya debe la rangi.

"Naweza kuyafuta mabawa," alisema mwishowe. "Alasiri moja. Nizipake kofia zenu. Nani atajua?"

Napenda kukiri kwa kalamu hii kwamba nililipenda wazo hilo kwa muda wa kutosha kuvuka ua mzima. Kisha nikarudi. Nilimwambia kwamba sijapata kupeleka serikalini neno la uongo, na sitaanza kwa rangi ya mafuta. Zaidi ya hayo, Katell Bosser ana mdomo mkubwa kama lango la ghala. Ameshatangaza sokoni kwamba makalio yake yanakwenda Paris.

Alhamisi, 19 Machi

Nani aliyebisha mlangoni pangu leo? Meya Kergoat! Kofia mkononi! Mtu aliyetangaza kwamba hatulowi!

"Mama Barba." Hajapata kuniita Mama. "Meya wa Kerzelan ameandika wilayani. Anasema picha yetu wenyewe, tuliyoileta wenyewe, inaonyesha watu wake kwenye miamba ya mashariki. Anasema basi wana mazoea. Anaidai miamba yote, Mama Barba! Siyo ya wajane tu. Yangu pia!"

"Hilo ni jambo la kusikitisha, Bwana Meya."

"Andika kitu!"

"Niandike nini? Kwamba wajane hawalowi?"

Nikamkaribisha kiti, nikampa chapati ya ngano nyeusi bila siagi, kwa kuwa ni Kwaresima na kwa kuwa sikutaka kumpa siagi. Anaogopa kweli. Mimi pia. Lakini moyo wangu — na uandikwe ukweli — ulikuwa unacheza ngoma. Mtu huyu hangeweza kuniita Mama kwa sababu ya mbuzi na kabichi!

Alipoondoka niligundua jambo. Akishinda yeye dhidi ya Kerzelan, miamba inabaki Lanvrial, na Siku ya Wajane anaiua mwenyewe. Akishindwa, hatuna mwamba wala siku. Kwa hiyo sharti tushinde mara mbili kwa siku moja.

Jumapili, 22 Machi

Nimewakusanya wajane nyumbani kwangu baada ya ibada ya jioni. Walikalia kitanda, sanduku, ngazi ya dari. Nilisema maneno machache, nayo hayakuwa yamepangwa vizuri.

Nilisema: picha imesema ukweli wa kazi na uongo wa watu. Wa kusahihisha uongo huo si mimi, ni ninyi. Mjumbe atakuwa hapo juu ya mwamba. Siku hiyo itawapasa kuingia kama mnavyoingia siku ambazo hakuna anayetazama.

Moto ulilia.

"Yaani magoti," alisema Godik.

"Magoti."

"Mbele ya mwanamume wa wilayani."

"Na meya. Na mchoraji. Na padri akipenda."

Shangazi Tefani alikohoa. "Nilimwona Katell pale ukutani," alisema. "Sikumwonea haya. Nilimwonea wivu." Akatazama mikono yake. "Pale palikuwa pangu, mbele kabisa. Mimi ndiye ninayeinama pale. Nikajificha ndani ya mahameli, na yeye akainama mahali pangu, na sasa Paris watamjua yeye." Akainuka. "Mimi Alhamisi naingia. Atakayecheka miguu yangu nitampiga nayo."

Basi! Wote wakapaza sauti kwa pamoja. Mmoja anatafuta mundu wa mumewe, mwingine anauliza kama maji yatakuwa baridi — kama asiyejua! Godik alisema maziwa atayanunua kwingine.

Jumatano, 25 Machi. Sikukuu ya Kupashwa Habari kwa Bikira Maria

Sikukuu, hakuna kazi. Lakini kazi imenijia.

Baada ya ibada ya alasiri Katell Bosser alivuka mchanga peke yake, akaja mpaka uani kwangu. Mwanamke mpana, mchangamfu, mashavu kama tufaha, mabawa ya kofia yake yakigonga mlango wangu wakati wa kuingia.

"Wewe ndiye mwandishi?"

"Ndimi."

"Umetuandika kuwa wajane wa Lanvrial. Nusu ya kwanza umepatia."

Sikuelewa. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Wale wote wa kwenye picha ni wajane. Yeye, wale wavuta kamba wawili, yule wa nyuma kabisa. Ndiyo maana walikubali sketi zipande kwa mtungi wa pombe ya tufaha: hawakuwa na mtu wa kuwakataza. Na Kerzelan hakuna Siku ya Wajane. Haijapata kuwapo. Siku ya bamvua wanashuka na kila mtu, mikokoteni inawapita, wanarudi na kile ambacho farasi hawakukikanyaga.

"Kesho huyo mjumbe ataniuliza," alisema. "Mmewahi kukata pale? Nikisema ndiyo, miamba ni ya Kerzelan. Meya wetu ataninunulia kinywaji, na mwakani farasi wake atanipita kwenye miamba mipya kama anavyonipita kwenye ya zamani. Nikisema hapana, tulilipwa kusimama tu, basi miamba ni yenu. Nayo ndiyo kweli, hatukukata hata jani. Yule kijana alitupatia mwani wa jana yake tuushike. Lakini nikirudi nyumbani na kweli hiyo, watanitemea mate. Kwa hiyo nauliza, mwandishi: kweli hiyo mtanilipa nini?"

"Kweli hailipiwi, Bi Katell."

"Ninyi hamuilipii kwa sababu mna siku yenu."

Akaendelea, kwa sauti ya chini, naye sasa hakuwa mchangamfu: "Tupeni kesho. Tuingie pamoja nanyi. Wa kwetu hatuzidi kumi na wawili. Siku moja. Hakuna atakayejua."

Nilimweleza sheria. Nilimsomea fungu lenyewe bila kutazama karatasi: mkazi wa parokia peke yake. Nilimwambia watajua papo hapo, kwa mabawa.

Akanikodolea macho, kisha akajipiga paja. "Mwandishi! Umekata mwani lini mara ya mwisho? Unaingia baharini na kofia ya wanga?"

Nikaona haya. Hakuna aingiaye baharini na kofia ya wanga. Tunavaa gunia: kona moja inasukumwa ndani ya nyingine, linakuwa kofia ndefu, linafunika kichwa na mgongo. Gunia la Lanvrial na gunia la Kerzelan yalifumwa kiwanda kimoja. Kule kwenye picha walivaa mabawa kwa sababu ileile iliyowafanya wa kwetu waje na mahameli. Walikuwa wanakwenda Paris.

Nilimwita Shangazi Tefani. Alisikiliza yote, akamzunguka Katell mara moja kama anayenunua ng'ombe.

"Ulichukua mahali pangu kwenye picha," alisema.

"Palikuwa wazi, Shangazi."

"Kesho utasimama kushoto kwangu. Na uiname vizuri, pale ulipochorwa goti lako limekaa vibaya."

Hiyo ndiyo ilikuwa idhini. Mimi sikusema ndiyo. Sikusema hapana vilevile. Nami ndiye ninayejua sheria.

Alhamisi, 26 Machi

Naandika kwa penseli, juu ya mwamba. Karatasi imelowa pembeni. Mimi nimelowa mpaka kifuani. Mkono hautii, herufi zinakwenda zinakotaka, na sijali!

Asubuhi: jua la baridi, upepo wa mashariki. Mjumbe ni mtu mnene mpole, amevaa buti nzuri mno kwa mahali hapa. Meya Kergoat upande huu, meya wa Kerzelan upande ule. Bwana Charvet alileta picha juu ya mkokoteni, ikasimamishwa, watu wawili wakiishikilia isije ikaruka kuvuka bahari. Kuiona pale, mbele ya miamba yenyewe! Mjumbe alivua kofia bila kujua kwamba amevua.

Aliuliza: "Ni akina nani hawa?"

Katell akatoka na mabawa yake. "Ni mimi, bwana. Na huyu, na yule."

"Mmewahi kukata mwani hapa?"

Meya wa Kerzelan alitabasamu. Katell alimtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akasema kwa sauti ya kuitia ng'ombe: "Kamwe. Tulilipwa tusimame. Miamba ni ya hawa, na mwamba huo wa mashariki ni wa Bibi Tefani tangu mimi sijazaliwa."

Kelele! Meya wa Kerzelan alimwita jina ambalo sitaliandika. Meya Kergoat alimkumbatia mjumbe! Nami nikasogea mbele, nikasema kwa maneno niliyoyapanga njia nzima kwamba fungu langu la mwisho lilikosea watu lakini halikukosea kazi, na kwamba kama Mheshimiwa Mjumbe atapenda kungoja maji yakupwe, marekebisho yatafanywa mbele ya macho yake.

Maji yakakupwa. Tukashuka.

Sijui niandikeje. Viatu vikabaki mchangani kwa safu. Sketi zikakunjwa, zikafungwa. Magunia vichwani. Shangazi Tefani wa kwanza, miguu yake myembamba yenye mishipa ya buluu, na hakuna aliyecheka! Hakuna aliyethubutu! Na mimi — sikuwa nimekusudia. Nilikuwa nimekuja na kalamu. Niliona mundu mmoja umelala bila mtu, nikavua. Baridi inakata kama kioo. Unapiga kelele mara moja, kisha unainama, na ukishainama kuna mwani tu, mwingi, mweusi, unateleza, na mtu wa kushoto kwako na mtu wa kulia kwako. Nilikuwa nimesahau jinsi tunavyoimba.

Bwana Charvet amekaa palepale majini na daftari lake, analia na kuchora. "Magunia!" alipiga kelele. "Kwa nini hamkuniambia juu ya magunia!"

"Hukuuliza!" alimjibu Shangazi, nami nikatafsiri. "Na sisi tulitaka tuonekane watu!"

Mjumbe ametazama muda mrefu. Alimwambia meya, nilisikia kwa masikio yangu, kwamba wanawake hawa hakika wanalowa. Meya akasema ndiyo, ndiyo, bila shaka. Siku imeshinda! Nilikuwa tayari nimeinua mundu kushangilia.

Kisha Meya Kergoat akaanza kunyoosha kidole. Midomo yake inatikisika. Anahesabu.

"Mheshimiwa," alisema, "wajane wangu ni kumi na tisa. Mimi naona thelathini na kitu."

Mjumbe akahesabu pia. Kutoka juu kule hatuna nyuso. Ni migongo, magunia na miguu, yote sawa. Akaniita kwa heshima, Bibi Mwandishi, nipande mwambani, nimtajie mmoja mmoja, yupi ni wa hapa na yupi si wa hapa. Neno langu litamtosha, alisema. Amesoma ombi langu, hajapata kuona lililoandikwa vizuri kama lile.

Nimeomba muda mfupi niyapange maneno. Amenikubalia, akatoa saa yake. Anadhani ndiyo maneno ninayoyapanga hapa.

Nikisema thelathini ni wetu, nimesema uongo mbele ya serikali, nami sijapata. Nikisema kweli, sheria itaifunga siku hii leo hii, kwa kosa letu wenyewe, kwa ushahidi wangu. Huko chini hakuna aliyesimama. Wanakata. Maji yamekwisha kugeuka, yanarudi kwenye vifundo vya miguu, na shehena kubwa bado haijafungwa. Shangazi Tefani na Katell wameishika kamba moja, wanavuta, wameegemea nyuma, na hakuna hata mmoja anayetazama juu huku.

Mjumbe amefunga saa yake. Nasimama. Nitaanza na Katell, kwa kuwa ndiye aliye karibu nami, na hata sasa, penseli ikiwa bado mkononi, sijui nitamwita wa wapi.